Walimjua kwa Lahaja Yake

Juzi binti ya kaka yangu alinitumia video kwenye simu. Ndama wa nyangumi amekwama kwenye maji ya magotini, watu wamejaa ufukweni, mmoja anamrushia samaki, mwengine ameingia na nguo zake anampapasa kichwa huku mwenzake akimpiga picha. Chini yake ameandika: "Shangazi, haya si ndiyo mambo yako? Hebu niambie, mtu afanye nini hapa?" Nikaanza kumjibu. Ujumbe ukazidi kurefuka, nikaufuta wote. Kisa chenyewe hakienei kwenye simu, na kwa kuwa nimekaa nacho zaidi ya miaka 20, wacha nikieleze hapa.

Ilikuwa Januari 2002. Nilikuwa na miezi minne tu Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, na kazi niliyoipata ilikuwa ya kumtunza mama mmoja mzee katika kisiwa cha Vashon. Kila alfajiri nilipanda feri pale Fauntleroy, mwendo wa kama dakika 20 juu ya maji ya Puget Sound, ule mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi na kupita mbele ya Seattle. Wenye magari walibaki ndani ya magari yao, viti wamevilaza, wamelala. Mimi sikuwa na gari. Nilisimama nje, mbele kabisa, mvua ikinyesha au isinyeshe, maana aliyezaliwa Lamu hawezi kuvuka maji akiwa amefungiwa ndani kama mzigo.

Kwanza nilimsikia. Feri ilikuwa imepunguza mwendo ikiingia gatini, na upande wangu wa kushoto ikatoka pumzi moja, fupi na nzito, kama ya mtu aliyetua gunia. Nikageuka. Mgongo mweusi ukapita juu ya maji, na pezi dogo lililopinda, ukazama. Nikangoja. Pomboo nilikuwa nawajua tangu utotoni, wakicheza mbele ya jahazi, kwa hiyo nilingoja wa pili atokee, na wa tatu, kwani pomboo hawatembei mmoja mmoja. Aliyetokea alikuwa yule yule. Safari hii alitoa kichwa chote nje, nikaona baka jeupe nyuma ya jicho, jeupe kama limepakwa chokaa, na kidevu cheupe. Akaitazama feri. Kisha akazama.

Nilipofika kazini nikamweleza Bibi. (Nilimwita Bibi kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Watu wa kule humwita mtu mzima kwa jina lake tu, na mimi ulimi ulikataa. Alilipenda, akawaambia na majirani wamwite hivyo hivyo.) Akaniuliza, "Walikuwa wangapi?" Nikamwambia mmoja, mdogo. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu, na safari hiyo aliweka kikombe mezani. "Orka mdogo hawi peke yake," akasema. "Akiwa peke yake, jua mamake amekufa."

Wengi kwa Kiswahili humwita orka nyangumi muuaji. Jina hilo silitumii, nikishamwona mtoto wao akipumua peke yake alfajiri siwezi. Kwa ukoo ni pomboo, mkubwa kuliko pomboo wote, na zile jamaa zilizofanya makao katika pwani ile hula samaki, hasa samoni. Katika hao wala samaki, mtoto haondoki kwa mama. Si wa kike, si wa kiume. Dume la miaka 30, pezi lake la mgongoni limesimama refu kuliko mtu, bado utalikuta linaogelea ubavuni mwa mamake. Jamaa moja ni bibi, mabinti zake, wanawe wa kiume na wajukuu. Hakuna anayeolewa akahama. Dume humpata mwenzake katika jamaa nyingine, kisha hurudi kwa mama. Sasa mchukue mtoto wa miaka isiyotimia miwili, mweke peke yake katikati ya njia ya meli, nje ya mji mkubwa. Bibi alikuwa sahihi kuweka kikombe chini.

Naye alikuwa na sababu zake. Agosti 1970 alikuwa Whidbey Island, kaskazini mwa Seattle, wakati watu walipowakimbiza orka zaidi ya 80 kwa mashua na baruti hadi wakawabana katika ghuba ya Penn Cove. Walitaka watoto, kwa sababu mtoto ni mwepesi kusafirisha hadi kwenye mabwawa ya maonyesho. Watoto 7 walichukuliwa. Orka wengine 5 walikufa. Mmoja wa wale watoto, Tokitae, aliishi katika bwawa huko Miami mpaka alipokufa Agosti 2023, zaidi ya nusu karne mbali na kwao. Jambo ambalo Bibi hakuweza kulisahau ni wale wakubwa waliokuwa nje ya nyavu. Bahari ilikuwa wazi nyuma yao na hawakuondoka. Walibaki pale pale wakilia, na watoto wakilia ndani, na yeye akiwa ufukweni na mume wake, hawana la kufanya. Alinisimulia hilo mara moja tu. Kila nilipotaja orka baadaye, mikono yake ilikuwa inaanza kukunja kitambaa cha mezani.

Mimi nilikosea, na kosa langu naliandika kwa sababu ndilo lile lile lililo kwenye video.

Februari, asubuhi moja, mtoto alikuwa karibu sana na feri. Alikuwa na gogo lake, kipande cha mti kilichong'olewa na mvua, analisukuma kwa pua, analizunguka, kisha anajisugua nalo ubavu, polepole, kwanza upande huu halafu ule, kama mtoto anavyojibanza kwenye paja la mamake. Ngozi yake ilikuwa na mabaka ya kijivu, yamebabuka. Moyo ulinikatika. Nikainama kwenye chuma cha ukingo, nikapiga makofi, nikaita, "Ndoo, mwanangu! Ndoo!" Na akaja. Aliliacha gogo, akaja moja kwa moja upande wangu, akatokeza kichwa, akanitazama. Nilifurahi hata machozi yakanitoka. Siku ile nilijiona nimefanya jambo la huruma.

Bibi aliponisikia hakufoka. Alininyamazia mpaka nikamaliza kumfunga viatu. Kisha akasema, "Ukimwita atakuja. Ubaya wake ndio huo." Akanieleza kwamba mtoto yule ana kiu ya jamaa, na mwenye kiu hachagui kisima. Akikosa mama atashika gogo. Akikosa gogo atashika feri, na chini ya feri kuna rafadha, yale mapanga yanayozunguka kuisukuma. Kila mtu anayempa jicho, sauti au samaki, anampunguzia sababu ya kuwatafuta wenzake. Sikuita tena. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuosha nyumba nzima, kusimama pale kila asubuhi nikimwona na mdomo nimeufunga.

Sasa nije kwenye lahaja.

Swali lilikuwa moja: huyu ni mtoto wa nani? Maji ya Puget Sound yana wenyewe, jamaa tatu za orka ambazo wataalamu wamezipa herufi J, K na L. Mtoto hakufanana na yeyote wao. Hapo ndipo kazi ya watu waliokuwa na subira ilipozaa matunda. Katika miaka ya 1970 Michael Bigg, mtafiti wa Kanada, aligundua kwamba kila orka anaweza kutambuliwa kwa picha, kwa umbo la pezi lake na lile baka la kijivu nyuma ya pezi, linalokaa kama tandiko la punda. Wakaanza kuwaandika mmoja mmoja, huyu mama wa huyu, huyu mtoto wa yule. Baadaye John Ford akaonyesha kwamba kila jamaa ina milio yake, inayofunzwa na mama kwa mtoto, na kwamba jamaa zenye undugu wa karibu hushirikiana milio, zile za mbali hazina hata mmoja wa pamoja. Wanabaiolojia wenyewe huita lahaja. Hawakukopa neno vibaya.

Basi wakatumbukiza haidrofoni, ile maikrofoni ya majini, karibu na mtoto, wakanasa sauti yake. Mtoto alikuwa anaongea peke yake. Rekodi zikafika kwa watu wa OrcaLab, kituo kidogo kilichoanzishwa na Paul Spong mwaka 1970 katika kisiwa cha Hanson, huko British Columbia, Kanada, ambako wamekaa usiku na mchana kwa miaka wakisikiliza bahari. Masikio yale hayakuhitaji muda. Mtoto alikuwa anasema lahaja ya jamaa za kaskazini, ukoo wa A. Kwao ni zaidi ya kilomita 450 kutoka pale alipokuwa anazunguka na gogo lake. Picha za baka la jicho zikathibitisha: ni A73, aliyeitwa Springer. Mamake, Sutlej, namba A45, alikuwa hajaonekana tena. Jamaa yao iliporudi kiangazi cha 2001 mama na mtoto hawakuwamo, na wote wawili wakahesabiwa wamekufa.

Niliposomewa habari hiyo gazetini nilikaa chini. Wiki chache kabla, ndani ya basi la kwenda Fauntleroy, nilimsikia mwanamke nyuma yangu akimkanya mwanawe: "Funga mato ulale, ndia ni ndefu." Mato, si macho. Ndia, si njia. Sikumwona uso, sikujua jina, lakini nilijua mtaa aliozaliwa nyanyake. Niligeuka nikamsalimu kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, na yule mama akaanza kulia mbele ya watu. Miezi minne nilikuwa nimesema Kiingereza mpaka taya zikauma. Kwa hiyo msiniambie kwamba mtoto yule alikuwa anatoa sauti tu. Alikuwa anasema kama mamake alivyomfunza, kwenye maji ambayo hakuna aliyemwelewa, na aliendelea kusema hivyo hivyo miezi yote ile.

Kumjua ni jambo moja, kumrudisha ni jingine. Mabishano yalikuwa makali, na mimi nilikuwa nayasikia ndani ya feri kila siku. Wako waliosema aachwe, bahari itaamua. Wako waliosema apelekwe bwawani, atakula na kutibiwa. Bibi alipolisikia la bwawa aliizima redio. Wengine walisema kwamba hakuna orka aliyewahi kuchukuliwa, kusafirishwa na kukubaliwa tena na jamaa yake, na hilo lilikuwa kweli. Wakati huohuo afya yake ilikuwa inazorota. Waliomkaribia kwa mashua walisema pumzi yake inanuka kama asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Harufu hiyo ni dalili ya mwili unaojila wenyewe, unachoma shahamu yake kwa sababu chakula hakitoshi. Alikuwa na minyoo, na ngozi ndiyo ile niliyoiona.

Mwezi Mei, NOAA, idara ya Marekani inayosimamia mambo ya bahari, ikatangaza kwamba atakamatwa, atatibiwa, na atarudishwa kwao. Serikali ya Kanada na hifadhi ya viumbe wa bahari ya Vancouver wakaingia upande wa pili wa mpaka, na vikundi vya wapenzi wa orka vikachangisha.

Tarehe 13 Juni wakamkamata. Sikuona, nilikuwa nampikia Bibi uji, lakini nimeongea na watu waliokuwapo na wote husimulia jinsi ilivyokwenda kimya. Walikuwa wamemzoea kwanza, wakimsugua ubavu kwa sababu alikuwa anapenda kusuguliwa, kisha kamba laini ikapitishwa mkiani, akaongozwa taratibu hadi kwenye machela ya turubai, akainuliwa. Zaidi ya mita 3, zaidi ya nusu tani, na hakupigana. Wakampeleka Manchester, ng'ambo ya Seattle, kwenye zizi la nyavu baharini.

Kilichofanyika ndani ya zizi hilo ndicho ninachotaka binti ya kaka yangu akisome mara mbili. Walimpa dawa za minyoo na samaki wengi, lakini samaki waliingizwa kwa njia ambayo hakumwona mtu anayemlisha. Hakuna aliyekaa ukingoni kumchekea. Hakuna aliyemwita. Watu waliompenda kiasi cha kuacha kazi zao walijificha asiwaone, wiki baada ya wiki, ili asije akajua kwamba samaki hutoka kwa binadamu. Naye akapona. Akanenepa, harufu ile ikaondoka, ngozi ikaanza kujisafisha.

Tarehe 13 Julai wakamsafirisha. Safari ilikuwa ianze siku moja kabla, chombo kikapata hitilafu, wakarudi, na usiku ule Bibi hakulala. Alikaa na redio yake mapajani. Siku ya pili katamarani ya mwendo kasi iliyotolewa na watengenezaji wake ikamchukua, yumo ndani ya boksi lake, ngozi ikimwagiwa maji njia nzima, hadi Mlangobahari wa Johnstone, kwenye ghuba ndogo ya kisiwa cha Hanson. Pale walikuwa wanangojwa na wenyeji, watu wa 'Namgis, ambao bahari ile ni yao tangu kale. Walikuja na mitumbwi yao kumpokea kama anavyopokewa mtu wa nyumbani, na wavuvi wao walikuwa wameshatia samoni hai ndani ya zizi alilowekewa. Hakuna kitu kingine katika kisa hiki kinachonigusa kama samoni wale. Mgeni anafika, sahani yake iko mezani.

Usiku ule jamaa za kaskazini zikapita karibu. Springer alizisikia, akapiga kelele, nazo zikamjibu. Miezi yote ile ya kuongea peke yake, na sasa sauti inarudi kwa lahaja ile ile. Siku iliyofuata, tarehe 14 Julai, orka wakaja tena, mtoto akaanza kuruka na kusukuma nyavu kwa pua. Wakafungua.

Nisiwadanganye kwamba alikimbia wakakumbatiana. Hakufanya hivyo. Siku za mwanzo alikwenda nao kwa mbali, akijitenga, akisita, na mara nyingine akazirudia mashua, kwa kuwa mashua ndizo alizozoea. Hapo nilikuwa naomba dua kila nikipanda feri. Aliyemwokoa ni msichana, orka jike wa miaka 16 hivi, ambaye bado hakuwa na mtoto wake mwenyewe, aitwaye Nodales. Springer akielekea mashua, Nodales humkingia, humsukuma, humrudisha kundini. Hakufunzwa na mtu. Na kabla kiangazi hakijaisha Springer alikuwa anasafiri na Yakat, dada ya bibi yake mzaa mama. Kwetu dada ya bibi ni bibi, hakuna neno jingine, na naona orka wana kamusi hiyo hiyo.

Majira ya baridi yalikuwa marefu, maana huko kaskazini orka huenda bahari kuu na hakuna anayewaona. Watu wangu waliniuliza kwa simu, "Yule mtoto wa samaki vipi?" na sikuwa na jibu. Kiangazi cha 2003 ikaja habari: Springer amerudi, yuko na jamaa zake. Nilimsomea Bibi mara nne. Alifariki miaka sita baadaye, kitandani kwake, dirisha likitazama maji, kama alivyotaka. Kwa hiyo hakuisikia ile ya Julai 2013, Springer alipoonekana na mtoto ubavuni. Walimpa jina Spirit. Mwaka 2017 akazaa wa pili, Storm. Mpaka leo ninapoandika, Springer ndiye orka pekee aliyewahi kukamatwa akiwa amepotea, akatibiwa, akasafirishwa na kurudi kuishi na jamaa yake baharini. Siku ile ya 2013 nilipanda feri bila safari yoyote, nikaenda na kurudi, nikamwambia Bibi pale pale mbele, kwa sauti.

Najua mtaniuliza habari za Luna, na nisipomtaja nitakuwa nimewaficha nusu ya mambo. Alikuwa dume mdogo wa jamaa ya L, aliyebaki peke yake tangu 2001 katika ghuba ya Nootka, kisiwa cha Vancouver, wakati ule ule ambao Springer alikuwa peke yake upande wetu. Alikuwa mchangamfu. Alizifuata mashua, akawasukumia watu magogo, akakubali kupapaswa, na watu wakaja kutoka mbali kumpapasa. Wenyeji wa pale, Mowachaht/Muchalaht, waliamini amebeba roho ya chifu wao aliyefariki siku chache kabla hajatokea, na serikali ilipojaribu kumkamata Juni 2004, waliingia mitumbwini wakamwimbia, akawafuata wao. Siwalaumu, nawaelewa sana. Sitaki pia kujifanya nilijua lipi lingefaa. Lakini Luna hakurudishwa. Machi 2006 alikikaribia chombo cha kuvuta meli kama alivyozoea kuzikaribia mashua, na rafadha ikamuua. Nilipoisoma nilikumbuka makofi yangu kwenye ukingo wa feri. Springer angeweza kufa vile vile, na mimi ningekuwa mmoja wa waliomzoeza.

Halafu kuna yule wa 2024, huko Zeballos, kisiwa hicho hicho. Mamake alikwama ufukweni maji yakapwa, akafa, tarehe 23 Machi. Mtoto, jike wa miaka kama 2, akabaki ndani ya wangwa wenye mlango mwembamba chini ya daraja. Wenyeji wa Ehattesaht walimpa jina lenye maana ya Mwindaji Mdogo Jasiri. Watu walijaribu kila njia kumtoa, kwa ngoma, kwa sauti za orka zilizorekodiwa, kwa nyavu na machela, akakataa yote. Mwishowe, usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili, maji yamejaa na kumetulia, akapita mwenyewe chini ya daraja akaenda baharini. Waliokuwa zamu walimwona akipita, wakamwacha apite.

Basi, mwanangu, hilo ndilo jibu la swali lako. Yule wa kwenye video anahitaji mtu mmoja apige simu kwa wanaohusika na wanyama wa baharini, na wengine wote watoke majini. Asipewe samaki, asipapaswe, asipewe jina la utani akaitwa nalo. Asisukumwe kurudi baharini na watu wasiojua hali yake. Mwenye simu nzuri asimame mbali ampige picha ya pezi, pande zote mbili, na ya jicho, kwa kuwa huenda kuna mtu mahali fulani mwenye daftari la ukoo wake. Mbwa wafungwe. Kelele zikomeshwe. Kusimama mbali na kiumbe anayeteseka kunauma, kifua kinajaa, mikono inatafuta kazi. Acha iume.

Mwaka 2014 nilipata likizo ya kweli ya kwanza, nikaenda Telegraph Cove, kijiji cha nyumba za mbao juu ya nguzo, kando ya Mlangobahari wa Johnstone. Nahodha wa mashua alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno machache. Karibu na fukwe za Robson Bight, mahali ambapo orka wa kaskazini huja kujisugua matumbo kwenye kokoto, alituambia hatutaingia, pale ni pao, mashua haziruhusiwi. Nikalikumbuka lile gogo na ule ubavu wa Springer. Jamaa zake wote hufanya vile, kizazi na kizazi, na yeye alikosa kokoto akatumia alichokipata.

Alasiri ukungu ulishuka, hatukuona hata pezi moja. Nahodha akazima injini, akatumbukiza haidrofoni, akanipa vipokea sauti vya masikioni kwa sababu nilikuwa nimekaa jirani yake. Mwanzo nilisikia maji tu, na kitu kama mchanga unaomiminwa. Kisha ukaja mlio, mrefu, unapanda na kukatika mwishoni kama swali. Ukajibiwa. Wa tatu ukaingia katikati ya wa pili, mwembamba, wa mtoto. Nahodha alitega sikio kwenye spika ndogo, akaniambia ukoo wa A, akataja jamaa mbili, akasema huenda na ya tatu iko ng'ambo ya kisiwa. Nikamuuliza kama Springer yumo. Akatikisa kichwa polepole, si ndiyo, si hapana, akaninyooshea kidole kwenye masikio nisikilize.

Walikuwa wanaongea wote kwa pamoja. Tulikaa pale mpaka mkondo ukaanza kutusogeza, na yeye hakuwasha injini mpaka sauti ya mwisho ilipokuwa mbali kabisa.